Hodi Penye Magofu

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimefika. Hapa Shella tu wazima, ila babuyo magoti yanamsumbua. Wauliza uanze na kitabu kipi, cha hadithi za majini au cha historia.

Miaka ya themanini, nikiwa msichana, nilikwenda na nyanya yangu kuokota ukwaju kwenye magofu ya mji wa kale. Alipofika penye mlango usio na ubao, akapiga hodi.

"Wawapigia hodi majini?" nikamuuliza. "Kitabu cha shule chasema watu walihama zamani."

"Wenyewe wamekwenda, mwanangu. Nyumba bado ni yao."

Nikatazama kizingiti. Kilikuwa kimelika katikati kwa nyayo zao. Nikavua viatu.

Anza na chochote, Rukia. Ila ukifungua, piga hodi.

Nyanyako