Wagonjwa wa Siku ya Mtihani

Dada yangu mpenzi,

Huku sote wazima. Mwanao anakula mpaka sufuria inaomba poo, na kiatu chake nimekishona mwenyewe, usitume kingine.

Matokeo ya mtihani wa darasa la nne yametoka. Shule yetu, iliyozoea kuwa ya kwanza, safari hii ni ya tano, na mwalimu mkuu hanisemeshi. Usinionee huruma, nalala usingizi mnono.

Unajua tulikuwa tukishindaje? Kila mwaka, wiki moja kabla ya mtihani, mimi mwalimu wa darasa huandika orodha ya watoto wazito wa kuelewa. Hao huambiwa wabaki nyumbani siku hiyo, eti wanaumwa. Wastani unapanda, tunapigiwa makofi. Miaka sita nimeiandika orodha hiyo bila kusita. Mwaka huu niliandika majina manane. La tisa lilikuwa la mwanao, kalamu ikagoma.

Nikaichana ile karatasi. Siku ya mtihani wote tisa waliketi mstari wa mbele, penseli zimechongwa.

Mwanao amepata alama thelathini na moja kwa mia. Ni chache, sikufichi, lakini kazitafuta mwenyewe, na matokeo yake kayabandika mlangoni kwangu.

Wale wa miaka sita nimewahesabu: ni arobaini na watatu, nao wana mama zao. Nimeamua kumwandikia kila mama. Nimeanza na wewe, dada, kwa sababu yako ndiyo barua rahisi.

Mdogo wako,
Mwalimu