Hesabu Kabla ya Kusukuma

Mwanangu Mwanamisi,

Tangu uende Nairobi nimebaki na kile chumba chetu cha Kisauni, na mgongo uleule. Kuna jambo limenishinda kulibeba peke yangu, ndiyo maana naandika.

Wakumbuka ile Ijumaa niliporudi kutoka soko la Kongowea nikakukuta umeinamia kompyuta, macho mekundu? Nilikuita, ukasema "abee" bila kuinua kichwa. Jumatatu ulikuwa uonyeshe kazi yako chuoni, ikikwama, huhitimu. Ukanieleza kwamba ndani ya kompyuta ile umewasha kompyuta nyingine, isiyo na mwili. Wallahi nilidhani wanitania. Mtu huiambia ataka prosesa nane, yaani bongo nane za kufanyia kazi, kisha aeleza zilivyopangwa: nafasi mbili, kila nafasi viini viwili, kila kiini njia mbili. Akikosea mpango, mashine yako yawaka, ikifika katikati yaganda.

"Na hesabu waikagua lini?" nikauliza.

"Ikishawaka, baba."

Nilicheka mpaka mgongo ukaniuma. Nikakwambia mimi na Kalume, mwenzangu wa mkokoteni, hatuthubutu. Wa mbele hutaja mpango wa magunia: mistari mingapi, kila mstari mangapi, yamepandana mara ngapi. Wa nyuma hujibu jumla. Isipolingana na mzigo tuliopewa, gurudumu haligeuki. Siku moja tulisukuma kwanza, tukahesabu kwenye mteremko. Vitunguu vya watu vikatapakaa barabarani.

"Baba, wewe na mkokoteni wako!" ukasema. Kisha vidole vikaanza kukimbia.

Mimi niliachia darasa la tano. Miaka yote niliogopa masomo yatakupeleka mahali nisipoweza kukufuata hata kwa mawazo. Jioni ile ukaniita, ukaandika makusudi prosesa nane na mpango ambao jumla yake ni nne tu. Mashine haikuwaka. Yakatokea maandishi mekundu, nikayasoma herufi kwa herufi: "Hesabu hailingani. Usisukume."

Nilitoka nje nikasimama tu.

Ulihitimu, alhamdulillahi, na sasa uko mbali. Lakini kila asubuhi Kalume akitaja mpango, nawaza kuna mashine isiyo na mwili, mahali nisipopajua, nayo yangoja jumla kabla ya kwenda. Basi mimi hujibu polepole, kwa sauti, kama mtu anayesikilizwa.

Kaa salama, mama. Ukihesabu, nami nahesabu.

Babako, wa nyuma ya mkokoteni