Anko Khaemba na Koma Zangu

Jumatano, 26 Novemba 2025

Nimekubali. Sijui ulimi ulinitelezaje. Siku wakwe watakapokuja kujitambulisha, mimi Gorreti, ninayeogopa hata kuitikia jina darasani, nitasimama mbele ya watu nimshukuru dada Topista, anayeolewa. Kwa Kiingereza! Baba ndiye aliyeamua. Wakwe ni Wasoga, sisi Wamasaba, Kiingereza hakina mwenyewe. Anko Khaemba atageuza kwa Kiswahili ili bibi yetu Kukhu na wazee wetu waelewe. Kukhu aliishi kambi ya jeshi na marehemu babu, Kiswahili anakijua kutushinda.

Leo Mwalimu Hamuza amenisomea hotuba baada ya kipindi. Akacheka kidogo, bila ubaya. Koma nimezimwaga kama chumvi. Akaniambia adverb, yaani kielezi, ikitangulia sentensi ni mgeni aliyesimama mlangoni: Fortunately – koma – halafu ndiyo uingie. However hivyo hivyo, na ikikaa katikati ya sentensi inataka koma huku na huku. Lakini ile iliyokaa na kitenzi chake, She really loves us, hiyo ni mtu wa nyumbani. Haipigi hodi.

Nikauliza, na zile fupi, kama now? Akasema hizo wakati mwingine hupita tu. Sikiliza pumzi yako, binti.

Pumzi ninayo. Sauti ndiyo sina.

Jumanne, 2 Desemba

Nimefanya mazoezi bafuni. Topista akauliza kupitia mlango naongea na nani. Na sabuni, nikamjibu. Akataka kujua kama sabuni inajibu kwa Kiingereza.

Amenipigia pasi gauni, na mikono ninayo. Tangu mama afariki ni yeye – kunisuka, kunipeleka zahanati, kugombana na baba kuhusu ada yangu. Sijawahi kumwambia asante. Kwetu hatusemi hayo, tunapakuliana chakula tu. Baba mwenyewe kazini magereza anatoa amri siku nzima, akirudi hapa Nalufenya ni kimya.

Halafu nimefikiria kitu. Akishaolewa, akija hapa, atasimama nje aseme hodi. Topista! Kwenye mlango anaoufagia yeye.

Basi, naacha kwa leo.

Ijumaa, 12 Desemba

Mbale. Tuko Malukhu kwa Anko Khaemba, ambako wakwe watapokelewa kesho. Hema limeshasimama, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yanachemka, mlima Wanale uko juu yetu umevaa mawingu.

Mazoezi yamekuwa aibu tupu. Anko alistaafu jeshini ila sauti haikustaafu. Kazi ya mkalimani anaijua hivi: msemaji akinyamaza, yeye anaruka. Na mimi ni mtiifu, kila koma nanyamaza! Nikasema Fortunately – nikavuta pumzi – Anko akanguruma, "Kwa bahati nzuri!" Akaona watu wanangoja, akamalizia mwenyewe: kwa bahati nzuri huyu binti anajua kupika, hapigi kelele, na meno yake yote yapo. Kukhu akapiga makofi. Nikafika However. "Hata hivyo!" – hata hivyo ng'ombe waje wanono.

Topista alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Hotuba ilikuwa yake yote. Yangu hata neno moja halikutoka.

Nimeiandika upya. Kila adverb nimeisukuma ndani, karibu na kitenzi chake. Hakuna koma, hakuna mahali pa Anko kuingia. Sentensi ya Honestly nimeifuta kabisa. Nitasoma mbio, nitakaa.

Jumamosi, 13 Desemba

Wageni wameingia. Niko chumbani na Topista, maana bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Amevaa gomesi ya rangi ya zambarau, gauni refu lenye mkanda mpana kiunoni. Mrembo hadi naogopa kumgusa.

Aliniomba karatasi. Amesoma polepole. Akauliza iko wapi ile sentensi ya Honestly, aliyokuwa akiisikia bafuni kila siku. Kumbe alikuwa anasikiliza! Nikamwambia nimeifuta kwa sababu ya Anko. Akachukua kalamu hii ninayoandikia, akaiandika juu kabisa kwa mwandiko wake:

Honestly, you are my mother.

Yaani na koma yake.

Kisha akafungua dirisha kidogo, akamwita Anko. "Anko, mtoto akinyamaza, na wewe nyamaza. Amalize."

Anko akapiga saluti pale pale kwenye migomba. "Ndiyo, afande."

Sasa naitwa. Anko kashika maiki, anataja jina langu kama gwaride. Topista ameniambia niache mlango wazi kidogo, asikie. Poda yake imeshaharibika. Yangu pia, na sikupaka.

Wamenyamaza wote huko nje. Hata Anko. Wananingoja mimi tu na koma yangu. Natoka.