Karatasi ya kumleta Kambere

Nasiba, uko? Nimetoka sasa hivi na mama kwenye biro, ofisi moja ya mtaa wa Himbi.

Karatasi ya kumleta kaka Kambere kutoka Kampala imefika. Yote ni Kiingereza. Gauthier wa pale biro akatusomea vizuri mpaka akafika kwenye neno "remains".

Mama akauliza, "Hilo ni nini, papa?"

Angesema tu "mwili" yangeisha! Akaanza kueleza kama mwalimu. Eti limetoka kwa Kifaransa cha zamani, maana yake kubaki nyuma. Eti Waingereza huliita hivyo jengo lililobomoka, chakula kilichobaki mezani, na maiti pia.

Chakula, Nasiba. Alisema chakula.

Mama: "Mutoto wangu alikufa na malaria. Mwili wake ni muzima. Ni nini imepungua?"

"Hapana mama, ni vile wanasemaka tu."

"Basi waandike mwili. Mimi siweki sahihi kwa mabaki."

Bila sahihi ya familia leo, wanamzika kulekule. Nilimwomba mama, akageuza uso. Gauthier alikuwa anafunga madirisha. Nikachukua kalamu, nikasaini mimi.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu: "Umemupokea weye. Kwetu mwenye kupokea ndiye anafungua sanduku, anaangalia uso, anaambia wengine kama ni yeye."

Linafika Alhamisi. Sitaweza, Nasiba. Na mama yuko hapa kwa simu, anawaambia wajomba wote kwamba ni mimi nitakayefungua.