Shingo ya Natalia

Jumatatu, 4 Agosti 2025 – Dongobesh

Nimechaguliwa! Ukoo mzima umekaa, umezunguka, umerudi kwangu. Nani mwingine anajua ndege? Nilifanya kazi za ndani Maskati, nikapanda, nikashuka, nikala kile chakula cha trei, nikaomba trei ya pili – nikapewa! Mwenyekiti wetu amefika Singida tu, na alirudi anaumwa.

Safari ni ya India. Nampeleka Natalia, mtoto wa marehemu dada yangu aliyeolewa Getanuwas kwa Gidamis, Mbarbaig kabisa. Mwaka juzi Natalia alikuwa anakaanga maandazi pale Katesh, karai likampindukia. Kifua chote na shingo. Hospitali ya Haydom walimwokoa roho. Lakini kovu likajivuta, likavuta, likakibandika kidevu kifuani. Binti wa miaka ishirini na nne hawezi kuinua uso. Anatambua watu kwa viatu. Mimi ananitambua kwa kicheko, anasema viatu vyangu havitabiriki.

Madaktari wa India watamkata hilo kovu, kidevu kiachie. Watu wa kanisa ndio wamempatia nafasi. Moja. Akiikosa hakuna nyingine.

Nimeshapanga losheni zangu za Maskati. Ya waridi, ya parachichi, ya dhahabu. Tutanukia mpaka rubani ageuke.

Jumatano, 6 Agosti – Haydom

Sista Getruda wa wodi ya majeruhi amenitia adabu. Nilimwaga losheni zangu mezani kwake kama mchuuzi wa mnadani. Akanusa moja, akasukuma zote.

"Mama, unataka kumwasha mtoto wa watu?"

Nikamwambia mimi nimepanda ndege. Akasema ndiyo, ulipanda na ngozi nzima.

Maneno yake, niyaweke hapa nisije nikayapindisha: hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko upepo huu wa Agosti. Inanyonya maji ya mwili bila kupiga kelele. Kovu la moto halina jasho, halina mafuta yake lenyewe. Likikauka linapasuka pale linapojikunja – kwa Natalia ni chini ya kidevu. Dawa ni mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na harufu. Mazito. Kila yakikauka, paka tena. Kikopo kidogo, kikubwa watakichukua eapoti. Maji anywe hata kama hataki. Chai na kahawa aache. Kanga laini shingoni, si sweta. Asikae dirishani, jua la kule juu linachoma kovu hata kwenye kioo.

Halafu akanishika mkono.

"Madaktari wa India wameandika ngozi ifike imefunga. Ikifika na kidonda kibichi hawatashika kisu. Watamrudisha alivyo."

Nikazirudisha losheni mkobani bila mzaha. Mimi!

Natalia mwenyewe mikono yake haifiki vizuri shingoni, kwapa nazo zimeshikana. Kwa hiyo mpakaji ni mimi.

Jumamosi, 9 Agosti – Getanuwas

Kuaga. Vumbi la huku linaingia mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Huyo ndege anakula nini?"

"Mafuta, shemeji. Kama nyinyi."

Gidamis alicheka mpaka akakohoa. Akakohoa sana. Akauliza, na ukimpoteza mwanangu? Nikasema nitakuletea Mhindi, ana shule na anajua hesabu za ng'ombe. Akasema Mhindi hawezi kuchunga, atapigwa na ndama.

Akatoa mafuta ya ng'ombe ya kumbariki bintiye; nilimkataza kugusa kovu, sista alishasema. Akakubali – paji la uso tu, la baraka. Natalia akapiga magoti. Lakini uso wake unatazama chini, na paji limefichika. Basi mzee yule, na fimbo yake na heshima zake zote, akakaa vumbini. Akajiegemeza kwenye kiwiko. Akampaka bintiye kutokea chini, anamtazama usoni kama mtu anayetazama ndani ya nyumba kupitia uvungu wa mlango.

Nilijifanya nimeingiwa na mdudu jichoni. Yonas, kaka yake Natalia, akaniuliza wadudu wawili? Macho yote yalikuwa yanatoka maji.

Jumatatu, 11 Agosti – Eapoti ya Kilimanjaro

Tumepita ukaguzi. Kikopo kimepita. Kijana wa mashine alimwambia Natalia inua uso tulinganishe na pasipoti. Nikamwambia wewe shuka. Akashuka! Akachuchumaa na pasipoti mkononi. Natalia alicheka kwa puani, nilimsikia.

Baadaye

Yonas amepiga. Natalia alikuwa chooni.

Gidamis amefariki. Leo asubuhi. Kile kikohozi. Amekaa nje ya boma, ameegemea mti wa zizi, wakadhani anaota jua.

Yonas analia, anasema, "Mama mdogo, mwambie Natalia. Wazee wamesema ajue, asije akapaka."

Asije akapaka.

Kwa akina Gidamis, ukifiwa na mzazi hupaki mafuta mwilini. Hata tone. Unakauka na marehemu wako mpaka wazee wamalize mambo ya kaburi, ndipo wanakupaka wao. Ukipaka mapema umesema umefurahia kifo. Dada yangu alipokufa Natalia alikaa hivyo miezi, amepauka kama aliyemwagiwa majivu, na alikuwa msichana mdogo tu. Hakuna aliyemlazimisha. Sisi Wairaqw na Ukatoliki wetu tuna ya kwetu, siwacheki.

Lakini mazishi ya mzee kama yule hayaishi wiki hii wala mwezi huu.

Natalia amerudi. Ameuliza nani kapiga. Nimesema Yonas, anatusalimia.

"Na baba?"

"Baba yuko vilevile."

Mungu wangu.

Ndani ya ndege

Amepewa kiti cha katikati. Mama mmoja amevuta mtandio puani, akaomba kuhamishwa. Nikamwambia nenda salama dada, utuachie nafasi ya miguu. Natalia akanifinya paja, ninyamaze.

Nimempaka mara ya kwanza. Mafuta ya mgando kidoleni, nayasugua kwanza yapate joto, halafu chini ya kidevu taratibu, kule kwenye mkunjo. Amefumba macho. Amesema nina mkono wa marehemu mama yake.

Nampaka yatima mafuta na hajui kama ni yatima. Nimemnywesha maji. Nimemsimulia habari za Maskati, uongo mtupu, ngamia aliyeingia jikoni. Kinywa changu kinafanya kazi chenyewe.

Nikimwambia, ataacha. Akiacha, itapasuka. Ikipasuka, atarudi na kidevu kifuani kwenye kaburi la baba yake. Gidamis angesemaje? Angesema paka. Au nasema hivyo kwa sababu hawezi kunibishia.

Jumanne, 12 Agosti – Adis Ababa

Ndege ya pili iliahirishwa mpaka asubuhi. Tumelala vitini chini ya kiyoyozi. Ngozi yangu mwenyewe imekuwa karatasi, sembuse yake. Nimempaka, nimempaka. Bado inashika. Nyekundu kidogo, imefunga.

Alikuwa ameshika simu yangu anaangalia picha za Maskati, anamtafuta yule ngamia. Wifi ya eapoti ikakamata. Ujumbe wa sauti ukaingia, wa Yonas, akaubonyeza.

Kibarbaig nakijua nusu. Hii nusu ilitosha. Nyuma ya sauti ya Yonas kulikuwa na wanawake wanalia.

Alirudisha simu mapajani kwangu, uso kama kawaida unatazama sakafu. Watu wanapita na mabegi ya magurudumu. Halafu:

"Mama mdogo. Ulijua tangu wapi?"

"Kilimanjaro."

"Kabla hujanipaka au baada?"

"Kabla."

Akatikisa kichwa kwa kile kidogo anachoweza. Akachukua ncha ya kanga, akaanza kujifuta. Mikono haifiki. Anajaribu, haifiki, anajaribu. Nikataka kumshika. Akasema, "Usiniguse," kwa adabu, kama anavyosema shikamoo.

Mchana – ndegeni

Nimemwomba. Nimemwambia maneno yote ya Sista Getruda. Nimemwambia laana ije kwangu, mimi ndiye niliyepaka. Nimemwambia nilivyo mnene itapata mahali pa kukaa. Hakucheka.

"Mimi sipaki," amesema. "Mkono wangu haupaki. Baba alikaa vumbini kwa ajili yangu."

"Alikaa ili upone!"

"Najua. Ndiyo maana."

Nikamnyooshea kikopo tu. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka Karatu.

Akachukua kikopo kutoka mkononi mwangu. Nikadhani amelegea. Akachota kidogo, akanipaka mimi, mgongo wa mkono uliochanika kwa ukavu. Taratibu, mpaka kwenye vidole.

"Wewe hujafiwa na baba," akasema. "Wewe paka."

Hapo nililia wazi, bila mdudu.

Bado mchana

Shingo imeanza. Chini ya kidevu, kwenye mkunjo, mstari mweupe. Si damu. Bado si damu. Kwenye skrini ya kiti ndege yetu iko juu ya bahari, na India iko mbali bado. Maji anakunywa, hilo halijakatazwa. Amekunywa kila kikombe walicholeta, na vya kwangu. Kumbe naye anataka kufika shingo ikiwa nzima!

Dada mhudumu ameuliza kama mgonjwa anahitaji kitu. Nimesema anahitaji wazee wa Getanuwas watatu. Amesema sorry, akaleta karanga.

Sasa hivi

Natalia amefumba macho. Kabla ya hapo alisema neno moja tu, bila kunitazama: "Mama mdogo, nikilala nalala kabisa. Hata nikisukumwa sisikii."

Si kweli. Nimelala naye wodini Haydom. Paka akipita anaamka.

Kanga imeteremka shingoni. Sijui imeteremka yenyewe kwa mtikisiko wa ndege au ameiteremsha. Mstari umekuwa mrefu, mwisho wake una unyevu. Mkono wa kulia naandika. Wa kushoto una mafuta kidoleni, yameshapata joto.

Kope zake zinatetema.