Bima ya Mwenye Makao Mawili

Xiaobei, Guangzhou
4 Desemba 2025

Kaka yangu Msabaha,

"Mwenye makao mawili hana makao, na asiye na makao asitake bima ya wenye makao." Ndivyo ulivyoniandikia katika barua aliyoniletea mfanyabiashara mwenzangu Ghalib, tena ukaipigia mstari kwa wino mwekundu kama mwalimu wa skuli. Nitaivunja sentensi hiyo, usiwe na wasiwasi. Lakini mama hakutufundisha kugombana kabla ya kuamkiana, kwa hiyo assalaam alaykum, kaka. Natumai presha yako imetulia na goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Niamkie watoto. Niamkie na wifi yangu Swalha, hata kama jina langu halitajwi tena humo ndani. Ningekupigia simu, ila tangu Machi umenizuia, na mimi si mtu wa kunyamaza kwa sababu mlango mmoja umefungwa.

Huku baridi imeingia. Kwenye Huanshi Zhonglu watu wamevaa makoti, na kila mfanyabiashara anakimbiza mzigo wake kabla Wachina hawajafunga viwanda kwa mwaka wao mpya. Jana nilishinda soko la nguo la Shisanhang nikichagua nguo za watoto za Idi. Laoban wangu, mama mwenye duka ninayenunua kwake mwaka wa tisa huu, aliacha kupiga hesabu akaniuliza mbona nimekonda. Nikamjibu mei you, hakuna kitu. Hakuniamini. Alinitilia maji ya moto kwenye kikombe chake mwenyewe, akanipunguzia bei bila ya kuombwa, na hapo nikajua kwamba hali yangu inaonekana usoni.

Sasa sentensi yako. Unasema sina makao. Miezi saba nipo huku na miezi mitano nipo Unguja, hilo kweli. Lakini mchango wangu wa bima yetu ya familia haujawahi kusafiri. Umekaa Unguja miezi kumi na miwili kila mwaka, umewalipia nyinyi wengine malaria, meno na uzazi, na hakuna aliyeuliza pesa hiyo inalala wapi. Kinachosafiri ni mwili tu. Na feni iliyokupepea ulipokuwa ukiandika kwa wino mwekundu ilitoka huku, mikononi mwa huyu asiye na makao. Kama mtu wa makao mawili anafaa kuchangia mara moja kamili, basi anafaa kutibiwa mara moja kamili. Nijibu hilo, kisha tuendelee.

Fomu uliyoirudisha bila ya saini nakuletea tena humu ndani ya bahasha. Kampuni yenyewe imeweka bima ya watu kama mimi, inayolipa hospitali za nyumbani na za nchi ya pili. Mlango wa kuhamia huko hufunguliwa Desemba tu, na aliye katika bima ya familia hahami bila ya saini ya mkuu wa familia, ambaye ni wewe. Nikihama kwa saini yako, wananipokea kama nilivyo. Nikitoka peke yangu nikaomba upya, watanipima kwanza na kuningojesha mwaka mzima. Uliniandikia kwamba nikiondoka mtabaki saba na kundi linataka wanane. Nimelifikiria. Fathiya, mpwa wetu, ameanza kazi na amekubali kuingia. Jina lake na namba ya kitambulisho nimeambatanisha. Kwa hiyo hoja hiyo nayo imekwisha.

Utauliza haraka ya nini. Mwezi wa Oktoba nilikwenda hospitali ya huku na Njoki, yule Mkikuyu tunayepanga naye nyumba, ambaye Kichina chake kinawatoa jasho hata wauza vifaa vya kuandikia wa Yide Lu. Daktari alinigusa shingo, akapiga picha, akachukua kipande kwa sindano. Kuna uvimbe kooni, upande wa kushoto, na si uvimbe mwema. Akasema utolewe kabla Januari haijaisha, na baadaye nipimwe kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili. Nataka nipasuliwe Dar es Salaam, ili nikifumbua macho nione uso ninaoujua. Lakini vipimo vingine vitanikuta huku, kwa kuwa nitarudi kazini, na hilo silijadili na mtu. Ndiyo maana nataka bima yenye miguu miwili.

Njoki alinihamakia kuona mwezi umepita sijawaambia ndugu zangu. Nilimweleza kwamba kwetu maradhi hayatangazwi, na safari haitangazwi, mpaka mtu afike salama. Akacheka mpaka akaketi. Aliuliza kama hata rubani huwa tunamficha tarehe. Akasema kwao mtu akisafiri mtaa mzima unajua, kanisa linajua, na mwenye deni naye anajua. Nilitaka kumjibu kwa ukali niliozaliwa nao, lakini alikuwa amegusa jambo nisilolisema kwa mtu yeyote mwaka mzima na zaidi.

Kaka, unaikumbuka makala yangu ya Februari katika gazeti la jumuiya ya wafanyabiashara. Niliandika kwamba kampuni ilikataa kulipia operesheni yangu ya nyongo kwa uzembe wa wakala wake: nilimpa taarifa ya safari yangu mapema naye hakuifikisha, na kwa kuwa mtu akikaa nje siku tisini bila ya taarifa bima yake husimama, nikaachwa mtupu. Wakala huyo, Swalha, nilimtaja kwa jina. Nilipeleka na mashtaka kwa kampuni. Mwezi wa Machi wakamnyang'anya uwakala, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja.

Hakuna taarifa niliyompa.

Mei mwaka jana alikuja kwangu na daftari lake, kama alivyozoea kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anasafiri. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa, nimelisukuma nyuma ya mlango na kulifunika kanga. Aliniuliza kama nina safari. Nikamwambia naenda Tanga siku nne kumtazama shangazi. Alfajiri ya pili nilikuwa uwanja wa ndege, na nikarudi Novemba; mwezi uliofuata nikapasuliwa nyongo, bima ikiwa imesimama. Niliogopa jicho. Jicho la Swalha, kaka. Yule yule aliyenilisha uji kwa kijiko wiki nzima baada ya operesheni. Kampuni ilipokataa kulipa niliona haya kusema kwamba nilimficha wakala wa bima safari kama ninavyomficha jirani. Nikachukua kalamu, nikafanya kile ninachokijua zaidi, nikashambulia.

Kampuni haimhamishi mwenye mashtaka ambayo hayajamalizika. Utasema nakiri leo kwa kuwa nina haja. Nina haja, sikatai. Lakini mashtaka nimeyaondoa Jumatatu, na nimewaandikia wazi kwamba Swalha hakukosa na arudishiwe kazi yake. Gazeti nalo limepokea makala ya pili, ndefu kama ya kwanza, yenye jina langu juu na jina lake pia. Yote hayo yamekwenda kabla sijakuomba tena saini hii. Ukikataa kusaini, hayarudi nyuma. Nitapimwa upya, nitangoja, nitapigana na uvimbe huu kwa njia nyingine.

Niamkie shangazi wa Tanga, niliyemtumia vibaya. Mwambie Fathiya ale vizuri. Ghalib nimempa maziwa ya mtoto wenu na dawa yako ya goti; usimwache aondoke bila ya chai.

Sasa nasema nanyi wawili. Wewe Msabaha, isome barua hii kwa sauti barazani kwako Ijumaa baada ya sala, mbele ya wale wale waliokuletea makala yangu wakicheka, wala usiruke mstari. Kisha saini fomu, au irudishe na unipe hoja iliyo bora kuliko ile ya wino mwekundu. Nawe Swalha, kamata daftari lako. Bimkubwa binti wa mama mkwe wako anatoka Guangzhou Alhamisi, tarehe kumi na nane Desemba, anapitia Addis Ababa, anafika Unguja Ijumaa mchana, na atakaa mpaka Mei. Iandike tarehe hiyo kwa mkono wako, na yeyote atakayekuuliza, mwambie.

Mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Bimkubwa