Udongo Mweusi Upande wa Mlango

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini, hapa nje kwako Utange, kati ya mchicha wako na kaburi lako. Mtoto ananyonya na mimi naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo mwandiko wangu uuvumilie. Siwezi kuinuka. Nitakueleza kwa nini.

Siku tuliyokuzika niliketishwa mkekani, ndani, na mtoto kifuani. Kila nikitaka kusimama, shangazi ananishika bega: "Tulia, mwana. Mfiwa hatoki." Nikawaona vijana kupitia dirishani wakichimba kaburi. Mama, walirundika udongo wote pamoja! Mweusi, mwekundu, na ule mweupe wa mawe unaokwaruza jembe, lundo moja. Nilijua wanakosea na sikuweza kutoka niwaambie. Nikalia, wakadhani nakulilia wewe tu.

Wewe ndiwe uliyenifunza. Tukichimba shimo la mgomba, mweusi tunauweka upande wa mlango, mwekundu upande wa ua, na uliokuwa juu unarudi juu. Ulisema mweusi ndio unaotulisha, umefanywa na majani na samadi na miaka mingi. Mwekundu unayapokea maji na kuyateremsha polepole. Mweupe kazi yake kukaa chini na kunyamaza. Nilipochanganya ulisimama mikono kiunoni: "Ala! Unapanda mgomba au unazika paka?" Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Sasa juu ya kaburi lako pamekuwa peupe, pagumu kama sahani. Maua niliyopanda yamekauka, mizizi haikupata pa kupita. Mvua ikinyesha maji yanakaa pale juu, hayaendi popote. Kama mimi.

Halafu Karisa akaleta tingatinga. Kaka yangu si mtu mbaya, unamjua. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha, na kimoja amesema ni changu. "Udongo ni udongo tu, dada." Wakapindua nusu ya kiwanja, upande wa barabara. Mvua ya kwanza tu, maji yakasimama pale, yakatafuta mlango wetu, yakaingia mpaka chini ya kitanda cha watoto. Upande wako wa mchicha, usioguswa, yalizama kimya kimya, na asubuhi mchicha ulikuwa umesimama. Nikampeleka Karisa akaone. Alitazama sana. Akasema atamwaga zege kiwanja kizima.

Nifanyeje, Mama? Baba watoto yuko Malindi, simu zangu hapokei. Maghorofa ya watu yametuziba kulia na kushoto. Mchicha huu ndio mboga yetu. Nikikubali kile chumba, nimejifungia na zege. Nikikataa, ni mimi niliyemzibia kaka yangu riziki. Nimechoka. Kuna siku nalala na nguo za kazi.

Leo asubuhi tingatinga limerudi kumaliza nusu iliyobaki, hii ya mchicha. Sikugombana na mtu. Nimeingia ndani, nikauchukua ule mkeka niliokalishwa siku yako, nikautandika hapa na kukaa. Dereva amezima injini, yuko kivulini anakunywa chai. Karisa amesimama uani. "Dada, inuka basi. Watu wanatuangalia." Nimemjibu mfiwa hatoki. Ameinamisha uso, na nimemwona midomo ikimcheza, kama zamani ulipokuwa ukitutania.

Sijui atasubiri mpaka lini. Mimi sijui nitakaa mpaka lini. Jua linakuja upande huu, na huyu mjukuu wako amelowa.

Lala, Mama. Nakuahidi hivi: nitaukwangua ule mweupe juu yako kwa mikono yangu, na kila nikimwaga maganda na majivu ya jikoni nitayamwaga kwako, mpaka mweusi urudi juu. Itachukua miaka. Ndiyo maana siinuki.

Mwanao